Mafuta Kutoka Hewani



Leo tumekuja na habari ya jua. Mwaka 2019, mjini Zürich, Uswisi, wataalamu wa chuo cha ETH walisimamisha mtambo juu ya paa la jengo lao. Mtambo ule ulivuta hewa ukaa na maji kutoka hewani. Kioo kikubwa kilikusanya miali ya jua mpaka joto likafika sentigredi 1,500. Joto hilo huitoa oksijeni katika madini yaitwayo seria. Yakipoa kidogo, madini hayo huinyang'anya hewa ukaa na mvuke oksijeni yake. Hubaki haidrojeni na kaboni monoksaidi, nazo hugeuzwa mafuta. Hewa ile ile ya moshi wa motokaa imerudi kuwa mafuta!

Lakini hatuwadanganyi. Kwa siku walipata kama desilita moja tu, haijazi hata kikombe. Katika mnara wa Móstoles, Hispania, kazi iliyotangazwa mwaka 2022, katika kila sehemu 100 za nguvu ya jua iliyoingia mtamboni, 4 hivi tu ndizo zilizobaki katika gesi. Kazi bado changa.

Basi, ndugu, jua tunalo. Ujuzi je? Tuliuza pamba, tukanunua nguo. Kesho tukodishe jua, tununue mafuta? Hasha! Kila tawi liulize: shule yetu ya sekondari ina maabara? Binti zetu wanafundishwa kemia? Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Uhuru na Kazi!