Trekta Dogo, Daraja la Chuma na Maji ya Falaj

(Maelezo yaliyosomwa mbele ya mkutano wa ukoo, Matrah)



Kabla ya yote natanguliza shukrani kwa kamati iliyotukusanya hapa Matrah, na kwa wenzetu waliotoka mbali: Unguja na Pemba, Dar es Salaam na Mombasa, Dubai, London na Toronto. Safari ni gharama, na kuonana ni tunu.

Kamati imenitaka nieleze jambo moja tu. Katika hesabu za shamba letu la Samail mna mstari ulioandikwa "Vyuma". Baadhi yenu mmeandika kuuliza: shamba la mitende linahitaji vyuma vya nini? Swali hilo ni la haki. Mimi nimeitumikia serikali zaidi ya miaka 30, nami naamini kwamba ashikaye fedha za watu hana budi kujibu anapoulizwa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mweka hazina atawasomea hesabu zenyewe. Mimi nitaeleza vyuma.

Wengi wenu mnalijua shamba lile kwa picha tu. Samail iko bara, katika njia ya kwenda Nizwa, na bonde lake ndilo lililokuwa mlango wa misafara ya ngamia baina ya bara na bandari yetu hii ya Matrah. Tende zake za fardh ziliteremshwa pwani, na katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 zilipakiwa merikebuni hata kufika Marekani. Shamba letu ni vipande vinne vilivyoachana, kila kimoja na ukuta wake na njia yake nyembamba. Mitende imepandwa na wazee bila ya mstari, na chini yake hulimwa majani ya mifugo. Maji yanatoka katika falaj. Fungu letu ni athar nne, na athar moja ni kiasi cha nusu saa. Basi zamu yetu ikifika tunayo saa mbili, na zikipita maji ni ya jirani.

Kwa wanangu waliozaliwa Ulaya nieleze kidogo. Falaj ni mfereji unaoyatoa maji chini ya ardhi au katika bonde na kuyaleta mashambani kwa mteremko wake wenyewe, bila ya pampu. Oman inayo kiasi cha aflaj 3,000 zinazofanya kazi hadi leo, na mwaka 2006 UNESCO iliziingiza tano katika orodha ya Urithi wa Dunia. Falaj si mali ya mtu mmoja. Ina wakili wake anayesimamia zamu na matengenezo, na mwenye kuubomoa ukingo wake amewadhulumu wote walio chini yake.

Zamani vipande vile vililimwa kwa mikono. Leo vijana wa kwetu wako maofisini, na mfanyakazi tuliye naye ni mmoja. Ndiyo sababu Jumuiya ilikubali kununua trekta dogo, lenye uzito wa kiasi cha kilo 700, linaloweza kupita baina ya mitende. Ununuzi ule mliuidhinisha wenyewe. Jambo ambalo halikuandikwa katika kumbukumbu za mkutano ni jinsi trekta litakavyotoka kipande hiki kwenda kile, litakavyopanda juu ya tela, na litakavyouvuka mfereji.

Msimu wa kwanza lilipandishwa kwa mbao mbili tulizoazimwa na jirani. Siku moja gurudumu la nyuma lilipoanza kupanda, ubao uliteleza ukatoka. Mfanyakazi wetu aliruka upande wa juu, akasalimika, namshukuru Mungu. Trekta liliteremka kwa kishindo na gurudumu la mbele likavunja ukingo wa falaj. Ilikuwa zamu ya bibi mmoja mjane, na maji yake yakamwagika njiani mpaka mafundi walipoziba. Tulimlipa, na wakili akatufidia zamu kwa kuhamisha saa zetu. Lakini tangu siku hiyo suala la kuliuza shamba lilianza kusikika ndani ya ukoo. Walisema: shamba lisilokuwa na watu wa kulilima, na chombo kinachotaka kuua mtu, la nini? Basi jueni kwamba mstari wa "Vyuma" ndio jawabu la maneno hayo.

Tulitengeneza vitu vitatu, kwa msaada wa fundi wa kuchomelea katika karakana za Wadi Kabir, hapa hapa katika wilaya ya Matrah.

Kitu cha kwanza ni madaraja mawili ya kupandia, moja kwa kila upande wa magurudumu. Kila daraja lina urefu wa mita 2.4. Sakafu ya tela letu iko sentimita 60 juu ya ardhi, kwa hiyo mteremko ni moja kwa nne, ambao trekta hupanda bila ya kuhangaika. Mbavu zake ni vyuma viwili vyenye umbo la mfereji, vya kimo cha sentimita 7 na nusu, na vyuma vya pembe vimechomelewa kukingama mfano wa vidato vya ngazi, ili tairi ipate kung'ata. Fundi alitaka kutumia mabomba ya maji ya zamani kwa kupunguza gharama. Tulikataa, kwa sababu mabomba yale yamepakwa zinki, na zinki ikichomwa hutoa moshi unaomtia mchomeleaji homa.

Sababu ya ubao kuteleza ni hii: gurudumu linalopanda huisukuma nyuma ile njia linayoikanyaga. Basi ncha ya juu ya kila daraja ina kulabu inayoshika ukingo wa tela, pini inayofunga kulabu, na mnyororo juu ya hayo. Pini ikisahauliwa, mnyororo upo.

Ama kuhusu nguvu, hatukukisia. Trekta na dereva na vikorokoro vyake tulivihesabu kuwa kilo 850. Nusu yake kwa kila daraja ni kilo 425, nasi tukaamua kila moja liweze kubeba maradufu, yaani kilo 850 peke yake. Tuliliegemeza daraja ncha mbili, tukapanga katikati yake mifuko 17 ya saruji, ya kilo 50 kila mmoja, na tukavuta uzi pembeni ili kupima. Lilipinda kiasi cha milimita 8. Tulipoishusha mifuko lilirudi kuwa sawa na uzi. Lau lingebaki limepinda, tungelirudisha kwa fundi.

Kitu cha pili ni kuvuka falaj. Hapa hatukutumia fedha nyingine, maana madaraja ni yale yale. Tunaweka gogo nene kila upande, mbali na ukingo, kisha tunalaza madaraja juu ya magogo. Uzito wote unakwenda kwenye ardhi ngumu, na ukingo haukanyagwi hata na unyoya. Tulimwomba wakili ruhusa, naye akaja siku ya kwanza. Mzee yule alichuchumaa, akapitisha kiganja chake baina ya chuma na ukingo wakati trekta liko juu, akasema: "Piteni." Tangu hapo majirani wawili wameyaazima.

Kitu cha tatu ni viungo vya kukokotea, na hapa naomba mnistahimilie nieleze asili yake.

Matrekta ya mwanzo yalikokota plau kwa kiungo kimoja, kama mtu anavyovuta kamba. Plau ikikwama katika mzizi, magurudumu yanaendelea kuzunguka, pua ya trekta inanyanyuka, na chombo kizima kinaweza kumpindukia dereva. Mtu wa Ireland aitwaye Harry Ferguson ndiye aliyetengeneza kiungo cha ncha tatu, mikono miwili chini na mmoja juu, kinachonyanyuliwa kwa nguvu ya mafuta. Kwa mpango huo plau ikikwama, mkono wa juu huisukuma pua ya trekta irudi chini. Mwaka 1938 alipatana na Henry Ford, na mwaka 1939 trekta lao likatoka. Baadaye, baina ya 1946 na 1956, yaliundwa Coventry matrekta madogo ya kijivu yenye jina lake, zaidi ya 500,000. Trekta letu, ingawa si la kampuni yake, lina ncha tatu zile zile. Pini za chini ni za milimita 22 na ya juu milimita 19, kwa hiyo kifaa cha kampuni yoyote cha daraja hilo hukubali.

Wakati Ferguson anaunda matrekta madogo, Waingereza walikuwa Kongwa, Tanganyika, na mradi wao mkubwa wa karanga ulioanza mwaka 1947. Waligeuza hata vifaru vya vita vya Sherman kuwa matrekta. Ardhi ya udongo mgumu na mvua chache viliwashinda, na mwaka 1951 mradi ukaachwa. Nalitaja hili kwa wale wanaosema tungenunua chombo kikubwa. Chombo hupimwa kwa shamba.

Katika mikono miwili ya chini tulitia chuma kimoja cha kukingama, chenye matundu, cha kukokotea kigari cha tende. Tumekifunga kwa minyororo kisipande juu, na kanuni yetu ni kukokota kutoka chini tu. Haifungwi kamba wala mnyororo katika tundu la mkono wa juu, hata kwa kuvuta kigogo kidogo, kwani kuvuta kutoka juu kunairudisha hatari ile ile ambayo Ferguson aliiondoa.

Kwa upande wa tela linalokokotwa na gari barabarani, wazee waliokulia mashamba ya Unguja wanaijua elimu yake bila ya kitabu. Gari la ng'ombe likipakiwa nyuma sana, mikono yake hupanda na nira humkaba ng'ombe. Tela nalo likielemea nyuma huanza kutikisa mkia barabarani mpaka limpokonye dereva usukani. Tela letu na mzigo wake ni kiasi cha kilo 1,200, na tunataka sehemu moja ya kumi, yaani kilo 120, ikae juu ya kiungo cha gari. Tulipima kwa mizani ya magunia ya tende, tukasogeza trekta mbele na nyuma mpaka ikapatikana, kisha tukapiga rangi nyekundu mahali gurudumu linaposimama.

Kanuni za kupakia zimeandikwa na kubandikwa ndani ya mlango wa ghala. Nazo ni hizi. Tela lifungwe kwenye gari kwanza, na nyuma yake pawekwe vigogo, lisibinuke. Kifaa cha kulimia kifunguliwe na kuvutwa juu peke yake kwa winchi ya mkono. Trekta lipande kinyumenyume na lishuke kwa mbele, ili upande mzito uwe juu daima. Gea iwe ndogo, na klachi isikanyagwe katikati ya daraja. Asisimame mtu nyuma wala ubavuni. Na ile fremu ya chuma inayosimama nyuma ya kiti isiondolewe. Kuna fundi aliyetushauri tuikate, ati inagonga makuti. Sweden iliyalazimisha matrekta mapya kuwa na kinga hiyo tangu mwaka 1959, baada ya wakulima wengi kufa chini ya matrekta yao. Makuti yatakatwa, fremu itabaki.

Ndugu zangu, misimu miwili imepita tangu madaraja yaanze kazi. Vipande vyote vinne vinalimwa na mfanyakazi yule yule mmoja, na wakili hajapata sababu ya kutuita. Sisemi kwamba hilo linamaliza suala la kuuza. Wenye kutaka kuuza wana hoja zao, na baadhi wana ada za skuli za watoto zinazowangoja. Hao si wa kulaumiwa. Ila naomba suala liamuliwe kwa hesabu ya shamba kama lilivyo leo, na lisiamuliwe kwa habari za ubao ulioteleza. Na ikumbukwe kwamba fungu la maji ni mali inayoweza kuuzwa mbali na ardhi. Mitende ikishatengwa na maji yake, hakuna daraja la chuma litakaloifaa.

Nina maombi mawili kwa mkutano. La kwanza, vijana watatu, wa kiume au wa kike, wajiandikishe kwa katibu kabla ya chakula cha mchana, ili Ijumaa ijayo waje Samail wajifunze kupakia, kuvuka na kufunga. Mimi na wenzangu magoti yameanza kutukataza, na elimu ya watu wawili ni elimu iliyo hatarini. La pili, kila mwaka kabla ya mavuno madaraja yapimwe tena kwa mifuko 17, na matokeo yaandikwe katika daftari la Jumuiya pamoja na jina la aliyepima.

Risiti zote zimo katika jalada la kijani mezani kwa mweka hazina. Mwenye shaka na azitazame, na mwenye swali na aniulize. Nitakuwepo mpaka magharibi.