Kuwasikiliza Dagaa na Chakula Chao



Mafunzo tunayoyafungua leo yanahusu kuichunguza bahari kwa sauti. Mwanga haufiki mbali majini, lakini sauti hukimbia karibu mita 1,500 kwa sekunde. Chombo kilichofungwa chini ya meli hupeleka mlio, kisha hungoja mwangwi. Samaki mwenye kibofu cha hewa hurudisha mwangwi mzito. Planktoni, yaani viumbe wadogo wanaoelea majini, hurudisha hafifu mno. Ndiyo maana meli hubeba vyombo vya masafa mbalimbali: kilohezi 38 kwa samaki, 120 na 200 kwa viumbe wadogo.

Mwaka 1942, wanasayansi wa Marekani waliokuwa wakishughulikia mbinu za kusaka nyambizi karibu na San Diego walipata mwangwi wa ajabu, kana kwamba bahari ina sakafu ya pili. Mwaka 1945 Martin Johnson akaonyesha kuwa sakafu hiyo hupanda jioni na kushuka alfajiri. Kumbe ni viumbe hai: usiku huja juu kula, mchana hujificha gizani wasiliwe. Wazee wa hapa hawatashangaa. Mbalamwezi ikiwaka hawahangaiki na taa za kuvutia dagaa; hungoja giza.

Vijana wangu watafiti, msituletee tani za dagaa peke yake. Meli ya utafiti ya Dr. Fridtjof Nansen ilipima samaki wetu kwa mwangwi mwaka 1982 na 1983, na kazi ile tunaiheshimu. Ila wingi wa samaki pekee hautuelezi kwa nini msimu huu dagaa wamejaa na ujao wameadimika. Jambo hili linaniuma, kwa sababu dagaa ndiye kitoweo cha mwenye kipato kidogo. Dagaa hula planktoni. Nguru, jodari na kolekole huwala dagaa. Wapimeni wote katika safari moja, wakati wa kusi na wa kaskazi, usiku na mchana. Tena shusheni nyavu mhakikishe, maana mwangwi peke yake hautaji jina la samaki.

Na michoro ya mwangwi mtakayoipata ifike dikoni. Nahodha aione, aulize, abishe pale inapopingana na anayoyajua.

Baada ya kusema hayo, natamka kwamba mafunzo haya yamefunguliwa rasmi.