Punje Kifuani na Doa Lisilouma

Leo nina mambo mawili, na msishangae nikiyatia katika kapu moja. Yote mawili yana tabia ya kunyamaza, nasi tukiona kimya tunadhani yamekwisha.

Nianze na mtoto. Mama mmoja aliniletea mvulana wake wa miaka miwili akikohoa. Nilisikiliza kifua, nikasikia mlio kama filimbi, nikampa dawa ya nimonia. Baada ya wiki mbili akarudi. Kikohozi kilipungua, kisha kikaanza upya. Jirani alikuwa amemwambia ni pumu. Safari ya tatu ndipo nilipogundua kwamba filimbi ile ililia upande wa kulia pekee. Pumu haichagui upande. Nikamuuliza, "Mama, kuna siku huyu mtoto alipaliwa?"

Akafikiri kidogo. "Ndiyo, daktari," akasema (hata sisi wauguzi huitwa hivyo), "alipaliwa na githeri akicheka na ndugu zake. Alikohoa mpaka midomo ikabadilika rangi. Lakini ilipita, akaendelea kucheza."

Siku hiyo ilikuwa imepita zaidi ya mwezi. Tulimpa barua ya rufaa, na madaktari wa masikio, pua na koo wakamlaza usingizi, wakapitisha mrija wenye taa kwenye njia ya hewa, wakatoa punje ya hindi. Swali lile nilipaswa kuliuliza siku ya kwanza. Sasa namuuliza kila mzazi.

Msikilizaji, mtoto aliye chini ya miaka mitatu hana magego ya kutosha kusaga njugu, mahindi au maharagwe. Akicheka, akilia au akikimbia huku anatafuna, huvuta pumzi kwa nguvu na punje huteleza. Mara nyingi huingia pafu la kulia, kwa kuwa njia ya upande huo ni pana na imenyooka zaidi. Kwanza hukohoa sana. Kisha punje ikitulia ndani, kikohozi hunyamaza kwa saa au siku kadhaa, na hapo ndipo tunapodanganyika. Punje kavu ya maharagwe hunyonya unyevu na kufura, na usaha hujikusanya nyuma yake. Picha ya kifua pia inaweza kukuhadaa, kwa maana nafaka haionekani kwenye picha kama inavyoonekana shilingi. Ndiyo maana maelezo yako wewe mzazi yana uzito kuliko picha.

Sasa akipaliwa mbele yako ufanye nini? Kama anakohoa kwa nguvu na analia kwa sauti, mwache akohoe, kaa karibu naye. Usimpe maji wala tonge la ugali. Usiingize kidole kutafuta kitu usichokiona, utakisukuma ndani zaidi.

Akishindwa kulia, kukohoa au kupumua, usingoje. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini, umpige kwa kitako cha kiganja mara 5 katikati ya mabega. Kisichotoka, mgeuze chali, ubonyeze katikati ya kifua mara 5. Rudia. Aliyepita mwaka mmoja mwinamishe mbele, mpige mgongoni mara 5, kisha simama au piga magoti nyuma yake, weka ngumi juu ya kitovu chini ya mbavu, uvute kwa ndani na juu mara 5. Tumbo la mtoto mchanga lisibonyezwe kabisa, ini lake huumia upesi. Akizimia, mlaze chali mahali pagumu, anza kumbonyeza kifua, na mwingine atafute gari. Hata kitu kikitoka, mpeleke akaangaliwe.

Na betri zile ndogo za duara za saa na vitu vya kuchezea, zikikwama puani au kooni huunguza nyama kwa muda wa saa chache. Hiyo si ya kungoja kesho.

Jambo la pili ni ukoma. Najua mtu atasema huo ni ugonjwa wa zamani, na ni kweli Kenya ilifikia kiwango cha chini ya mgonjwa 1 kwa kila watu 10,000 mwaka 1989. Lakini haujaisha. Wagonjwa wapya bado hupatikana, hasa Pwani kama Kwale na Kilifi, na sehemu za Ziwa na Busia. Nakuru ni mji wa watu kutoka kila upande, na ukoma unaweza kukaa mwilini miaka 5, hata 20, kabla ya kujionyesha.

Hujionyesha kwa doa lililopauka au lenye wekundu, lisilowasha wala kuuma. Watu hulipaka dawa ya choa kutoka duka la dawa, mwaka unapita. Mwambie mwenye doa afumbe macho, umguse kwa pamba. Asipohisi pale kwenye doa, mlete kituoni. Vilevile mtu anayeungua vidole kwenye jiko bila kujua.

Si laana, wala haurithiwi. Ni kidudu, ndugu wa kile cha kifua kikuu, alichokigundua daktari Hansen wa Norway mwaka 1873. Dawa hutolewa bure, miezi 6 au 12 kulingana na ugonjwa, na muda mfupi baada ya kuanza kuzimeza mgonjwa haambukizi tena. Kwa hiyo hakuna haja ya kumtengea kikombe. Akichelewa, mishipa ya fahamu huharibika, na vidole vikishapinda dawa haivinyoshi.

Juma lijalo, saa hii hii, tutazungumza kuhusu minyoo. Ukiwa na swali, ulizia kwenye zahanati iliyo karibu nawe. Kwaherini.