Hadithi Fupi ya Kiswahili Ipelekwe Wapi? Hali ya Mwandishi Chipukizi

Mada iliyowasilishwa katika warsha ya waandishi chipukizi, Kakamega

1.0 Utangulizi

Nimeombwa nizungumzie nafasi zilizopo kwa mwandishi chipukizi wa hadithi fupi. Maoni yaliyomo humu ni yangu binafsi. Yasichukuliwe kuwa msimamo wa idara yangu wala wa waandalizi wa warsha hii.

2.0 Ufafanuzi wa istilahi

Hadithi fupi ni utungo wa nathari wenye tukio moja kuu na wahusika wachache. Mwandishi chipukizi ni yule ambaye bado hajachapisha kitabu. Kuwasilisha ni kumpelekea mhariri kazi ili aiamulie. Haya tunayajua sote. Tuendelee.

3.0 Nafasi zilizopo

3.1 Tuzo. Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola, iliyoanza 2012, hupokea hadithi za Kiswahili kama zilivyo. Hadithi iwe na maneno kati ya 2,000 na 5,000, iwe haijachapishwa, na mwandishi awe ametimiza miaka 18. Hakuna ada. Tuzo ya Caine, aliyoishinda Binyavanga Wainaina mwaka 2002 na Yvonne Owuor mwaka 2003, husoma Kiingereza. Hadithi ya Kiswahili huingia tu ikiwa imetafsiriwa na tafsiri hiyo kuchapishwa. Tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ni ya Kiswahili hasa, lakini hutaka mswada wa kitabu kizima. Tuzo ya Jomo Kenyatta nayo hushindaniwa na vitabu vilivyokwisha kuchapishwa. Mwenye hadithi moja mkononi hana lake hapo.

3.2 Majarida. Kwani? lililoanza 2003 liliwatoa wengi, ila kwa Kiingereza zaidi. Mwaka 2016 wahariri wa jarida la Jalada walichukua hadithi moja ya Ngũgĩ wa Thiong'o, iliyoandikwa kwa Kikuyu, wakaitoa kwa lugha zaidi ya 30, Kiswahili kikiwemo. Jambo hilo lilitia moyo. Hata hivyo, kijana wa Shinyalu akiniuliza leo ni jarida gani la hadithi fupi za Kiswahili linalotoka kwa ratiba na kupokea kazi mwaka mzima, sina la kumwelekeza.

4.0 Tatizo lenyewe: hadithi isiyokwenda shule haina kwao

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu jambo hili limenisumbua miaka mingi.

Nchini Kenya, hadithi fupi ya Kiswahili huishi ndani ya mkusanyiko, na mkusanyiko huishi shuleni. Damu Nyeusi na Hadithi Nyingine, uliohaririwa na Ken Walibora na Said Ahmed Mohamed, na Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, uliohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda, yote miwili ilipata zamu yake ya kutahiniwa katika KCSE. Sina ugomvi na vitabu hivi. Nimevifundisha kwa furaha. Ugomvi wangu ni na utaratibu unaovizunguka. Mchapishaji anajua kwamba kitabu kikiteuliwa kitanunuliwa nchi nzima, na kisipoteuliwa kitalala ghalani. Basi habahatishi. Anamtafuta mhariri mwenye jina, mhariri anawapigia simu anaowajua, na orodha inafungwa kabla ya tangazo lolote kuandikwa. Sisemi kuna njama. Ni hesabu ya biashara, na mwandishi asiyejulikana hamo katika hesabu hiyo.

Anayebahatika kusomwa hukutana na kizingiti cha pili. Kijana mmoja wa Khayega aliandika juu ya vita vya mafahali: alfajiri, isukuti inalia, mwenye fahali anapiga chang'aa kabla ya kumfungua mnyama wake, kisha fahali anageuza shingo na kukimbia mbele ya kijiji kizima. Mswada ulirudi kutoka kwa shirika ambalo sitalitaja. Pembeni mlikuwa na maandishi ya penseli: "Chang'aa – ondoa." "Maadili?" Na chini kabisa: "Fahali ashinde, kijana arudi shuleni." Hadithi nzima ilisimama juu ya kushindwa kwa fahali yule. Mhariri hakuwa mjinga. Alikuwa akiisoma kwa macho ya mtathmini wa KICD, taasisi ya kuidhinisha vitabu vya shule, ambaye hata mswada hajauona.

Na huyo alijibiwa. Wengi hawajibiwi. Wanatuma, wanaambiwa kazi isipelekwe kwingine wakati inashughulikiwa, kisha kimya. Mwaka unapita, wa pili unaingia. Mwandishi hathubutu kuitoa hadithi wala hajui kama bado ipo. Akichoka anaibandika Facebook apate japo wasomaji. Hapo hadithi huenda ikahesabiwa kuwa imechapishwa, na ile tuzo ya 3.1 isiyo na ada ikawa imempita.

5.0 Mapendekezo

Kwa heshima zote kwa wahusika, inapendekezwa kwamba:

5.1 Waandishi wasome masharti kabla ya kutuma, hasa idadi ya maneno na sharti la kutochapishwa.

5.2 Waandishi wasibandike mtandaoni hadithi wanayokusudia kuishindanisha.

5.3 Kila mwandishi awe na daftari: jina la hadithi, ilikopelekwa, tarehe, jibu. Miezi sita ikipita bila jibu, aandike barua moja ya adabu kuiondoa hadithi, kisha aipeleke kwingine.

5.4 Wachapishaji watamke kwa maandishi tarehe ya mwisho ya kujibu. Tarehe hiyo ikipita, sharti la kutotuma kwingine life lenyewe.

5.5 Wachapishaji watenge sehemu ya kila mkusanyiko kwa wasioalikwa, na watangaze.

5.6 Wahariri watofautishe kitabu cha shule na kitabu cha msomaji wa kawaida, chang'aa ipate pa kukaa.

5.7 Magazeti ya Kiswahili yaongeze nafasi ya hadithi zinazokamilika katika toleo moja.

5.8 Vyuo vikuu vya eneo hili, Masinde Muliro kikiwemo, vifikirie jarida la hadithi fupi la kila mwaka, kadiri bajeti itakavyoruhusu.

5.9 Maktaba ya Kakamega na serikali ya kaunti wawe na rafu ya kazi za waandishi wa hapa.

5.10 Kama ilivyosemwa katika 5.4, wachapishaji wajibu.

6.0 Hitimisho

Mapendekezo ya warsha huishia kwenye faili. Nimeyaandika mengine kama haya na sijui faili lake liko wapi. Kwa hiyo kikao kikitaka kupitisha moja tu, naomba liwe 5.4. Jarida linahitaji fedha, rafu inahitaji seremala na kibali. Kuandika tarehe ya jibu kwenye tangazo hakuhitaji bajeti, na wachapishaji walioketi humu wanaweza kuanza na tangazo lao lijalo.