Shule ya Chumba Kimoja Katika Mbuga za Nebraska

Ni mimi bwana shamba wenu. Leo jembe tuliweke chini kidogo. Juzi, baada ya mafunzo ya kupanda mahindi kwa mistari, mzee mmoja aliniuliza: "Bwana shamba, kila siku unatusimulia mashamba makubwa ya Marekani. Je, watoto wa huko husomea wapi, na jirani yenyewe yuko mbali vile?" Nilimwahidi kumjibu redioni ili na wengine wasikie. Basi mzee wangu, kama umefungua redio, jibu lako ndilo hili.

Nitachukua shule moja tu, Shule ya Freeman, karibu na mji wa Beatrice katika jimbo la Nebraska. Jengo lake lipo mpaka leo: chumba kimoja cha matofali mekundu, kilichojengwa mwaka 1872. Wakati huo pande zile zilikuwa mbuga ya majani, na miti ilionekana kandokando ya vijito tu. Mwaka 1862 serikali ya Marekani ilipitisha sheria kwamba mtu akikaa mahali na kulima kwa miaka 5, atapewa ekari 160 kwa ada ndogo. Lakini tuseme kweli, ardhi ile ilikuwa na wenyewe. Wenyeji wa asili wa kabila la Otoe na la Missouria walibanwa wakabaki na eneo kando ya mto Big Blue, na mwaka 1881 wakahamishwa kabisa, wakapelekwa kusini, katika nchi ambayo sasa ni Oklahoma.

Mmoja wa waliowahi kuomba shamba ni Daniel Freeman. Aliandikisha ombi lake tarehe 1 Januari 1863, siku ile ile sheria ilipoanza kazi. Inasimuliwa kwamba alimbembeleza karani afungue ofisi mara tu baada ya saa sita za usiku!

Wapima ardhi waliikata mbuga yote kwa viraba vya ekari 640. Katika kila viraba 36, viwili viliwekwa kando kwa ajili ya shule, ili kodi yake au bei yake isaidie masomo. Hata hivyo, shule zenyewe zilisimama kwa nguvu za wakulima. Matofali ya shule hii yalitoka kwa jirani mmoja, mfyatuaji, aitwaye Thomas Freeman. Naye ni Freeman, lakini hakuwa ndugu wa Daniel. Sehemu nyingine za mbuga, ambako hapakuwa na mbao wala matofali, watu walikata udongo pamoja na mizizi ya majani, wakapanga kuta kwa mabonge hayo.

Mwalimu alikuwa mmoja kwa wote, tangu mtoto anayeanza herufi hadi kijana mwenye ndevu. Katika shule za namna hii vijana wakubwa walikuja zaidi wakati wa baridi, mahindi yakiwa yamekwisha vunwa, maana msimu wa kazi mzazi hakumwachia kijana wake. Jiko liliwashwa kwa makaa ya mawe, na penye mahindi mengi, kwa magunzi. Sisi magunzi tunayatupa!

Baridi yenyewe si ya mchezo. Tarehe 12 Januari 1888 kulikucha na vuguvugu, watoto wengi wakaenda shule bila makoti mazito. Mara tufani ya theluji ikashuka, mtu haoni hata mkono wake. Katika Nebraska na Dakota walikufa watu zaidi ya 200, wengi wao watoto waliokuwa njiani kutoka shule.

Sasa nije kwenye ugomvi, maana shule ya wanakijiji haikosi ugomvi. Mwaka 1899 Daniel Freeman, akiwa mzee sasa, alilalamika kwamba mwalimu anawasomea watoto Biblia, anasali nao na kuimba nao nyimbo za dini. Kamati ya shule ikasimama upande wa mwalimu. Freeman akaenda mahakamani, akashindwa. Hakuchoka, akakata rufani. Mwaka 1902 mahakama ya juu kabisa ya Nebraska ikampa haki, ikisema ibada ya namna ile katika shule ya umma inavunja katiba ya jimbo. Fikirini, wale wa kamati walikuwa majirani zake! Wengi miongoni mwetu wangenung'unika kilabuni, na mambo yakaishia huko. Mimi namsifu mzee yule kwa kulipeleka jambo mbele wazi.

Shule ile ilitumika pia kwa ibada na kwa kupigia kura. Ilidumu miaka 95, ikafungwa mwaka 1967. Haikubomoka, na mwalimu hakukosekana. Hebu tupige hesabu. Kiraba cha ekari 640 kilitosha familia 4 zenye ekari 160 kila moja. Tuseme kila familia ina watoto 5, hao ni watoto 20. Likaja trekta, na mtu mmoja akaweza kulima kiraba kizima peke yake. Aliyekuwa na pesa akanunua kwa jirani aliyeshindwa. Mavuno yakaongezeka kweli, lakini watoto 20 wakawa 5, na hao 5 wakachukuliwa na basi kwenda shule ya mjini. Barabara ilipokuwa nzuri, kazi ya chumba kile ikaisha. Nchi nzima ya Marekani shule za chumba kimoja, zilizokuwa zaidi ya laki moja mwanzoni mwa karne ya 20, zilikwenda kwa njia hiyo hiyo.

Mwaka 1970 jengo la Freeman liliwekwa katika hifadhi ya taifa pamoja na shamba la yule mzee wa kwanza. Wageni huingia kulitazama.

Mzee wangu, ndivyo ilivyokuwa. Juma lijalo, saa kama hii, tutarudi kwenye mahindi yetu: namna ya kuyakausha vizuri kabla ya kuyatia ghalani. Kwaherini.