Sumu Majini ni Adui wa Taifa

Ninyi maafisa na askari wa jeshi na polisi mlioko Jinja, Mbale na kandokando ya maziwa yetu. Taifa hulindwa mipakani. Lakini hulindwa pia majini.

Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kutoka Uganda, Kenya na Tanzania. Sababu ilikuwa habari za watu waliomwaga dawa ya kuua wadudu majini ili wavue kwa urahisi. Mvuvi mwaminifu akapata hasara pamoja na mhalifu.

Miongoni mwa dawa za namna hiyo ni endosulfani, inayoshambulia mishipa ya fahamu. Kiasi kidogo mno humuua samaki. Haichagui mbuta wala ngege, mkubwa wala mchanga, wala wadudu ambao ndio chakula chao. Mwaka 2011 iliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Stockholm ya kemikali zinazopasa kukomeshwa duniani.

Nchi nyingine zimekwenda mbali zaidi. Palau tangu mwaka 2020, na jimbo la Hawaii la Marekani tangu 2021, zimepiga marufuku uuzaji wa mafuta ya kukinga jua yenye oksibenzoni, kwa kuhofia matumbawe yao. Ikiwa kipakwacho ngozini kinahofiwa hivyo, sembuse sumu imwagwayo kwa makusudi?

Msikilizaji wa Namakwekwe asidhani kwamba ziwa li mbali naye. Maji ya Mbale hushuka kwa mito ya Namatala na Manafwa, hupita vinamasi vya Mpologoma, yakaingia Ziwa Kyoga. Huko hukutana na maji ya Nile yatokayo Jinja. Basi kopo la dawa likioshwa mtoni, madhara yake husafiri.

Mwaka 2017 askari wa UPDF walipewa kazi ya kulinda maziwa dhidi ya uvuvi haramu. Sheria inakataza kuvua kwa sumu. Mwenye kosa akamatwe, ushahidi uhifadhiwe, naye afikishwe mahakamani bila kupigwa. Raia anayemwogopa askari huficha habari. Na pasipo habari za raia, mwaga sumu wa usiku haonekani.

Kambi nazo zitoe mfano: dawa isimwagwe mferejini. Anayeyalinda maji hulinda chakula cha wananchi, na chakula chake mwenyewe.