KIUNGULIA SUGU: SABABU, DALILI NA TIBA YAKE



Leo tunapenda kuzungumza juu ya maradhi ambayo wengi wetu tunaishi nayo bila kuyahesabu kuwa ni maradhi, nayo ni kiungulia. Kiungulia cha siku moja baada ya karamu hakitishi. Lakini kikimjia mtu mara mbili au zaidi kila juma, kwa majuma mengi, hicho ni kiungulia sugu, na yampasa atafute tiba.

Kwanza tueleze sababu. Chakula hushuka tumboni kwa njia ya umio. Mwisho wa umio pana msuli ulio mfano wa mlango: hufunguka chakula kipite, kisha hujifunga. Tumbo lina tindikali kali, nalo limejaaliwa utando wa kulikinga. Umio haukupewa kinga kama hiyo. Basi mlango ukilegea, tindikali hupanda na kuunguza. Yanayoleta hali hii ni unene uliozidi, ujauzito, sigara, kushiba kupita kiasi, vyakula vyenye mafuta mengi, na kulala mara tu baada ya kula. Hata baadhi ya dawa za shinikizo la damu huulegeza msuli huo.

Dalili zake ni moto kifuani unaozidi mtu akiinama au akilala, maji machachu kupanda kooni, kikohozi kikavu cha usiku, na sauti kukwaruza. Wengi huyaita haya yote "vidonda vya tumbo", lakini hayo ni maradhi mengine. Vidonda huletwa zaidi na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ambaye Barry Marshall na Robin Warren walimtambua huko Australia mwaka 1982, au na dawa za maumivu kama aspirini na diklofenaki. Kwa hiyo mtu asijitibu kwa kukisia; apimwe.

Ama tiba, huanzia nyumbani. Tule kidogo kidogo, na chakula cha usiku kitangulie usingizi kwa saa 3. Mnene apunguze uzito, na mvutaji aache sigara. Kichwa cha kitanda kiinuliwe kwa matofali kiasi cha sentimita 15 hadi 20. Kurundika mito hakutoshi, kwa kuwa hukunja tumbo. Kulalia ubavu wa kushoto pia husaidia. Na katika mwezi wa Ramadhani tusifuturu kwa kujaza tumbo vitu vya kukaanga, wala tusile daku na kurudi kitandani papo hapo.

Vidonge vya magnesiamu hutuliza kwa muda mfupi tu. Omeprazoli hupunguza utengenezaji wa tindikali. Humezwa nusu saa kabla ya kula, kwa kawaida wiki 4 hadi 8, kwa maelekezo ya daktari. Mwenye ranitidini ya zamani kabatini asiinywe: mwaka 2020 Marekani iliiondoa sokoni kwa kuhofia kemikali iliyoonekana ndani yake.

Tunamkumbuka mzee wetu mmoja aliyetembea na vidonge vya magnesiamu mfukoni miaka mingi. Ikafika siku akawa hamezi tonge la ugali ila kwa kulisukuma kwa maji. Tulimwona, tukacheka naye, tukadhani ni uzee. Alipofikishwa hospitali, saratani ya umio ilikwisha enea. Kosa lile lilikuwa letu sote tuliokuwa tukila naye.

Kwa hiyo, ndugu zetu, tuyashike haya. Chakula kikikwama, mwili ukikonda bila sababu, mtu akitapika damu au akipata choo cheusi kama lami, aende hospitali bila kuchelewa. Na maumivu ya kifua yanayoambatana na jasho, pumzi kubana, au kuelekea mkononi na tayani, yasiitwe kiungulia. Huenda ni moyo, na hapo hata saa moja ni nyingi.

Tuangaliane mezani. Mwenyezi Mungu atujalie afya njema. Amin.